Mianga ya Saa Tisa Alasiri

Nchi inayosimuliwa hapa si yetu. Ni vizuri hilo lieleweke mapema, maana kuna watu wanapenda sana kufananisha. Nchi yetu ina milima, mito na serikali. Ile nayo ina milima, mito na serikali, lakini kufanana kunaishia hapo. Kwao mkuu wa nchi anaitwa Mlezi, na picha yake hutundikwa katika kila ofisi juu kidogo ya saa ya ukutani, ili anayetaka kujua saa amtazame yeye kwanza na akumbuke kwamba hata muda una mwenyewe.

Mwaka mmoja Mlezi alisafiri kwenda nchi ya baridi kutibiwa tumbo. Hospitali za nchini mwake zilikuwa nzuri sana, zote alizizindua yeye mwenyewe, na labda ndiyo sababu hakutaka kuzichafua. Huko ugenini wenyeji wake walimtoa nje jioni moja wakamwonyesha mbingu. Mbingu ilikuwa inawaka. Mapazia ya kijani na ya zambarau yalipepea juu kimya kimya, bila nguzo, bila waya, bila mtu wa kusoma mita. Mlezi akauliza hiki ni nini. Wakamwambia ni Mianga ya Kaskazini.

Aliporudi, habari za tumbo hakuzigusa. Aliita baraza la mawaziri akauliza swali moja tu: "Kwani sisi hatuna kaskazini?"

Mawaziri walitazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kuna kitu nchi haina. Ikaundwa tume. Tume ilizunguka kwa miezi minne, ikarudi na ripoti ya kurasa mia tatu iliyothibitisha kwamba kaskazini ipo, ni pana, na haijawahi kutumika ipasavyo. Kuanzia hapo kazi ikawa nyepesi, kwa sababu penye kaskazini mianga yake itakosekanaje? Wizara ya Anga na Furaha ikapewa agizo, na baada ya wiki tatu redio ikatangaza kwamba mianga imepatikana katika nyika ya Kame, mkoa wa mwisho kabisa kabla ya mpaka. Kila kata ingepeleka watalii wa ndani arobaini na wawili wakaione. Kwenda ilikuwa hiari. Asiyetaka kwenda alitakiwa tu kuomba kibali mkoani, na ofisi ya vibali ilikuwa imefungwa kwa sababu wafanyakazi wake wote walikuwa wamekwenda kuona mianga.

*

Kata ya Kwamgogo iko kusini kabisa ya nchi hiyo, na miongoni mwa watalii wake alikuwemo Mdoe Kilango, mtu wa miaka hamsini na miwili. Mdoe aliacha shule darasa la nne baada ya kubishana na mwalimu kuhusu mbuzi waliochorwa kitabuni. Mwalimu alisema ni watano, kwa sababu chini ya picha paliandikwa watano. Mdoe alihesabu wanne na mkia. Akachapwa, akahesabu tena, wakawa wanne na mkia. Basi akachukua daftari lake akaenda nyumbani.

Tabia hiyo haikumpatia cheti, lakini ilimpatia kazi. Mdoe alikuwa shahidi wa mipaka. Kwamgogo hawana hati za mashamba. Kati ya shamba na shamba hupandwa masale, yale majani marefu yasiyokufa kwa jua. Siku ya kupanda, mwenye kudai huvua viatu, hutembea hadi pale anaposema mpaka wake upo, na huweka mkono hapo. Shahidi naye huvua viatu, akatazama kote anakotaka kutazama, kwa muda wowote anaotaka. Kisha watu humwuliza mara tatu kama ameona. Akijibu mara tatu kwamba ameona, masale yanapandwa, na neno lake ndilo hati. Lakini mwenye kudai akishusha mkono kabla shahidi hajajibu, amejitoa mwenyewe. Hakuna kurudia, hakuna rufaa.

Mdoe alikuwa amesema nimeona kwenye mashamba mia moja na kumi na mawili. Na sharti la kazi hiyo lilikuwa zito. Shahidi akiwahi hata siku moja kusema ameona kitu ambacho hakukiona, kiwe cha shambani au cha harusini, masale yote aliyoyashuhudia yanang'olewa. Kata nzima ingebaki uwanja mtupu, kila mtu na jembe lake na jirani yake.

Aliyelijua hilo kuliko wote ni Bi Zawena Mtoi, mjane mwenye shamba kando ya mto. Ng'ambo ya masale yake kulikuwa na shamba la maua la shemeji yake Naibu Waziri wa Anga na Furaha. Maua hayaliwi, lakini yanakunywa, na mto ulikuwa upande wa Bi Zawena. Mara tatu meneja wa maua alikuja na futi kamba, na mara tatu alirudi nayo, kwa kuwa masale yalikuwa yamesimama na Mdoe alikuwa hai. Ndiyo maana kila asubuhi Bi Zawena alipita kumsalimu Mdoe na kumwuliza hali ya kifua chake kwa wasiwasi ambao hata mke wake hakuwa nao.

Mke wake, Mama Semeni, alikuwa na wasiwasi mwingine. Asubuhi ya safari alimfungia mihogo ya kuchoma kwenye kitambaa akamwambia, "Baba Semeni, huko unakokwenda si mashambani. Ukiona, sema umeona. Usipoona, kohoa."

"Nikikohoa watasema nini?"

"Watasema una kifua. Kifua hakina kesi."

*

Basi lilitembea siku mbili. Lilipofika Kame, jua lilikuwa linapasua mawe. Walishushwa mbele ya geti lililoandikwa KARIBU KASKAZINI, na kila mmoja akapewa koti zito lenye manyoya shingoni. Katika picha alizokuja nazo Mlezi, watu wote wanaotazama mianga wamevaa makoti, na wataalamu wa Wizara walipozichunguza picha hizo wakafikia uamuzi kwamba asiye na koti haoni. Kanuni ikaandikwa hivyo hivyo. Makoti yalivaliwa, vifungo hadi kidevuni, na watu wa Kwamgogo wakaanza kuvuja jasho kama vyungu vipya.

Ndani ya geti ardhi ilikuwa nyeupe. Ilikuwa theluji, kwa maelezo ya kibao. Kwa maelezo ya mbuzi wa wenyeji ilikuwa pamba, na walikuwa wanaila, hivyo askari wawili wenye fimbo walikuwa kazini kulinda theluji isiliwe. Pembeni alifungwa punda mwenye matawi mawili makavu kichwani, na kibao kingine kilisema PAA WA BARAFU, USIMGUSE. Mdoe hakumgusa. Alimtazama tu, naye punda akamtazama, na wote wawili walionekana kuelewana kwamba hakuna aliyeletwa pale kwa kupenda.

Mwenyeji wao alikuwa Bwana Pantaleo Chilewa, Afisa Uonaji wa Wilaya, mtu wa kalamu mbili mfukoni na kipaza sauti mkononi. Kipaza sauti hicho alikitumia hata kwa mtu aliyesimama naye bega kwa bega. Aliwasomea ratiba. Mianga ingeonekana kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi kamili.

Bi Zawena alikuwa ameelezwa na mjukuu wake kwamba vitu hivyo huonekana giza likishaingia, akamwambia afisa hivyo, kwa upole, akimwita mwanangu. Bwana Chilewa alimjibu kupitia kipaza sauti kwamba hayo ni mambo ya nchi zisizo na mipango. Huko mianga hujiwakia yenyewe saa yoyote inayotaka. Hapa imewekwa ndani ya saa za kazi, kwa kuwa Mheshimiwa Naibu Waziri, ambaye ndiye mgeni rasmi, hafanyi kazi baada ya saa kumi.

Walikula chakula cha mchana wakiwa wamevaa makoti. Saa saba redio ikasoma habari. Ilisema kwamba alasiri hiyo watalii arobaini na wawili wa kata ya Kwamgogo, asilimia mia moja, walikuwa wameishuhudia mianga, na kwamba wawili kati yao walilia kwa furaha. Watu waliacha kutafuna. Mtu mmoja akauliza nani atalia. Bwana Chilewa alipitia orodha yake, akanyoosha kalamu.

"Wewe," alisema, "na yule mama mwenye kilemba."

*

Saa tisa Naibu Waziri aliwasili. Jina lake Dokta Anselimu Mbwilo, na udokta wake ulikuwa wa heshima, wa chuo alichokianzisha mwenyewe. Mtangazaji wa redio alitembea nyuma yake akiwa ameshika maikrofoni kama mtu anayebeba yai. Matangazo yalikuwa yanaruka moja kwa moja nchi nzima.

Dokta Mbwilo alihutubia. Alisema kwamba kwa karne nyingi wakoloni waliificha kaskazini yetu. Alisema kwamba mataifa mengine yana mianga inayozimika, lakini mianga ya Mlezi haizimiki, haina mgao, wala haihitaji anga safi, anga ndilo linaloihitaji. Alisema kuona ni haki ya kila raia, na haki isiyotumiwa ni hujuma. Kisha akainua mkasi, akakata utepe uliofungwa kati ya miti miwili, akasema, "Natamka rasmi kwamba mianga imewaka."

Bendi ya polisi ikapiga. Watu arobaini na wawili wakainua vichwa.

Mdoe alitazama kama anavyotazama siku zote, akianza kulia kwake na kwenda polepole hadi kushoto. Aliona anga la rangi ya bati lililopigwa na jua. Aliona tai mmoja. Aliona moshi wa tanuri la mkaa nyuma ya kilima, ambao haukuwa wa kijani wala wa zambarau. Alirudia toka kushoto hadi kulia, asije akawadhulumu. Tai alikuwa ameondoka. Vingine vilikuwa vile vile.

Wakati huo Bwana Chilewa alikuwa anawasaidia kuona. Mkono wa kushoto mnaona kijani, alisema kipaza sauti, inacheza, inacheza, sasa inakuja zambarau, wapigieni makofi. Makofi yakapigwa. Waliopangiwa kulia wakalia, na yule mama mwenye kilemba alilia vizuri sana, maana jasho lilikuwa limemwingia machoni.

Kisha zikagawiwa Fomu za Uonaji. Fomu ilikuwa na sentensi moja: Mimi fulani nimeiona Mianga ya Kaskazini kwa macho yangu na nimefurahi. Chini palikuwa na nafasi ya saini au dole gumba. Watu walitia dole upesi upesi, wakifikiria basi, mihogo yao na kuvua makoti. Bi Zawena naye alitia. Yeye hakuwa shahidi wa chochote, na mbuzi wake walikuwa nyumbani peke yao.

Fomu zilihesabiwa. Zilikuwa arobaini na moja.

*

Mdoe alijaribu. Hilo lazima lisemwe, maana baadaye walimwita mchochezi. Bwana Chilewa alipomletea fomu, Mdoe alikohoa. Alikohoa vizuri, kutoka chini, kama alivyoagizwa. Afisa akasubiri amalize, akasema pole, akamwonyesha pa kutia saini.

"Sijaiona," Mdoe alisema.

"Hujaiona vipi, wakati imeshatangazwa?"

"Waliotangaza ndio waliiona. Mimi sijaiona."

Bwana Chilewa alieleza kwa subira kwamba asilimia mia moja ilishasomwa redioni saa saba, na redio haiwezi kurudi nyuma. Basi haliondoki na asilimia tisini na saba. Kwa hiyo watu wote wangekaa pale, na makoti yao, hadi asilimia itimie. Kusikia hivyo watu wa Kwamgogo wakamgeukia Mdoe. Mmoja alimkumbusha kuwa ni karatasi tu. Mwingine akasema kwani utapungukiwa nini, ndugu yangu, tia tukaoge. Yule mama mwenye kilemba alisema kama yeye ameweza kulia, mwanamume mzima atashindwaje kuandika.

Bi Zawena ndiye aliyewanyamazisha. Alikuwa amekaa juu ya theluji, akiipepea shingo yake na fomu ya akiba.

"Mnamwambia aseme ameona?" aliuliza. "Na wewe Shebughe, ukifika nyumbani utalala kwenye shamba la nani? Masale yako yalipandwa kwa neno la nani?"

Shebughe alianza kuhesabu masale yake. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Ilikuwa kama vile wote wameamka kwenye basi na kugundua kwamba dereva ni yule yule waliyekuwa wanamtukana.

Bwana Chilewa, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimvuta Mdoe pembeni akampa njia nyingine. Kulikuwa na daktari. Daktari angeandika kwamba Mdoe haoni vizuri, naye angehesabiwa kama mtalii aliyesikia, na waliosikia huingizwa kwenye asilimia bila shida. Mdoe akasema shahidi kipofu ni sawa na shahidi mwongo, masale yataondoka vile vile. Lakini daktari alikuwa ameshafungua ubao wake wa herufi. Mdoe alisoma mistari yote, akasoma na jina dogo la kiwanda kilichochapa ubao. Kisha, bila kuulizwa, akaongeza kwamba kwenye kilima cha pili kuna mwanamke anakamua mbuzi mwekundu aliyekatika sikio la kushoto. Pikipiki ilitumwa kuhakikisha. Ilirudi, na mwendesha pikipiki akanong'ona kwamba ni kweli, na sikio ni la kushoto. Daktari aliandika kuwa macho ya mgonjwa ni mazuri kupita kiwango kinachoruhusiwa.

Habari zikamfikia Naibu Waziri kwenye kivuli chake. Alitaka kujua mkaidi huyo anaitwa nani. Alipoambiwa ni Mdoe Kilango wa Kwamgogo, hakukasirika hata kidogo. Alitabasamu, akamwita mtangazaji asogee.

"Ndiye yule wa masale?" aliuliza. "Mleteni. Huyu nataka aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, nchi nzima ikisikia."

*

Mdoe alipelekwa mbele. Alimwona Mheshimiwa akitabasamu, akakumbuka futi kamba ya meneja wa maua, na akaelewa kwamba pale hapakuulizwa habari ya mianga. Koti lilikuwa linamchoma. Nyuma yake kulikuwa na watu arobaini na mmoja, na nyuma yao, mbali sana kusini, mashamba mia moja na kumi na mawili yaliyokuwa yamelala kwa amani.

"Nitasema," Mdoe alisema. "Lakini kwetu kuna utaratibu, Mheshimiwa. Mwenye kudai huvua viatu na kuonyesha kwa mkono. Mimi natazama pale anapoonyesha. Nikiona, nasema nimeona mara tatu, na hakuna wa kulibadilisha neno hilo."

Dokta Mbwilo alifurahi. Alisema serikali inaheshimu sana mila, na akampa msaidizi viatu na soksi zake. Hakuuliza kama utaratibu ule una kifungu kingine. Watu wa mjini hupenda mila fupi.

Alisimama juu ya pamba, na pale ambapo mbuzi walikuwa wamekula, juu ya mchanga. Akainua mkono wa kulia, kidole kikaelekea angani.

"Pale," alisema.

Mdoe akavua makubazi yake, akasimama nyuma ya kidole kile, akatazama. Shamba la kawaida humchukua nusu saa. Mbingu ni kubwa kuliko shamba. Alianza kulia, akaenda polepole. Bendi ilinyamaza. Mtangazaji alinong'ona redioni kwamba hili ni tukio la kihistoria, kisha akalirudia neno hilo hilo.

Baada ya muda Mheshimiwa alianza kuinua mguu mmoja, halafu mwingine. Mkono ulikuwa mzito ndani ya mkono wa koti. Aliuliza kama bado. Mdoe akamwambia bado. Mheshimiwa akataka kuinua mkono wa kushoto apumzishe wa kulia, lakini Bi Zawena, kutoka kule alikokaa, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kubadili mkono ni kubadili mdai, itabidi waanze upya. Watu wakaitikia kwamba ni kweli. Mkono wa kulia ukabaki juu. Ukaanza kutetemeka. Kidole kikatoka kaskazini, kikaenda mashariki kidogo, kikarudi.

Mdoe aligeuka taratibu.

"Mheshimiwa," alisema, "umesogeza mpaka."

Katika Kwamgogo hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Mtu aliyeambiwa amesogeza mpaka huhama kijiji. Kwanza Shebughe akacheka kwa pua, kisha mwenzake, kisha makoti yote arobaini na moja yakawa yanatikisika, na punda wa pembeni akaongeza lake. Redio ilirusha vyote. Nchi nzima, watu waliokuwa wamekaa na vikombe vya chai wakasikia serikali ikichekwa, na baadhi yao walifunga milango kwanza ndipo wakaendelea kusikiliza.

"Sema umeona," alisema Dokta Mbwilo, chini kwa chini.

"Ninatazama."

"Sema sasa hivi, Mdoe. Nitakukumbuka."

"Nikumbuke. Lakini usishushe mkono, bado natazama."

Saa ya Mheshimiwa ikalia mlio mwembamba. Ilikuwa saa kumi kamili. Hakufanya kwa kukusudia. Ni mazoea ya miaka ishirini na mbili ya utumishi, yalimshika begani kabla hajafikiri. Alishusha mkono.

"Ameshusha," Mdoe alisema.

"Ameshusha," wakaitikia watu wa Kwamgogo wote pamoja, kwa sauti ile ile wanayoitumia kwao, isiyo na furaha wala hasira, ya watu wanaofunga jambo.

Mdoe akamgeukia mtangazaji, ambaye alikuwa amesahau kuondoa maikrofoni. Alisema kwamba ameona tai, moshi wa mkaa, pamba, punda, na Naibu Waziri miguu mitupu. Mianga hakuiona, na aliyeidai ameshajitoa. Hapo redio ikakata, ukapigwa wimbo wa kumsifu Mlezi, lakini ulipigwa kutoka katikati, na kila mtu akajua.

Watu walivua makoti wakayarundika juu ya theluji. Bwana Chilewa alisema kupitia kipaza sauti kwamba basi haliondoki. Dereva, mtu wa kata ya jirani aitwaye Kihiyo, alikuwa na ekari mbili za mpunga ambazo masale yake yalipandwa kwa neno la Mdoe mwaka wa mafuriko. Alipanda kwenye usukani, akawasha gari.

*

Siku iliyofuata redio ilitangaza kwamba asilimia mia moja ya raia wameona. Kwa upande wa Mdoe, Wizara ilisubiri wiki tatu. Kisha Bwana Chilewa akaja Kwamgogo kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi, na barua yenye muhuri. Mama Semeni alimpa kigoda na maji. Mdoe alifungua barua akaisoma kwa sauti, polepole, kama msomaji wa darasa la nne anavyosoma.

Barua ilisema kwamba, kwa kuwa ameshindwa kuona kitu kilichoonwa na taifa zima, Wizara imejiridhisha kwamba yeye ni kipofu, kuanzia tarehe ya barua hiyo. Alitakiwa kuacha mara moja shughuli zote zinazohitaji macho, ikiwemo ushahidi wa mipaka. Nakala ilikwenda kwa meneja wa shamba la maua.

Mama Semeni alimtazama mumewe. Safari hii hakumwambia akohoe.

"Tarehe mmekosea," Mdoe alimwambia Bwana Chilewa. "Mmeandika ya mwaka jana."

Bwana Chilewa aliangalia, akakiri, akasema itarekebishwa. Kisha akatoa karatasi ya kupokelea, kwa sababu hakuna barua ya Wizara inayoachwa bila kupokelewa. Ilikuwa fomu ya kawaida, ile inayotumika kwa barua zote za nchi hiyo, na hakuna aliyewahi kuisoma kwa makini tangu ichapwe. Mdoe aliisoma. Akairudia. Kisha akamwomba afisa avue viatu na kuweka mkono juu ya barua.

Bwana Chilewa alikuwa amechoka, na alikuwa amepewa maji. Alivua.

Mdoe akavua makubazi yake, akaitazama barua toka kulia hadi kushoto, ukurasa wa mbele na wa nyuma. Mama Semeni akamwuliza mara tatu kama ameona. Mara tatu akajibu ameona. Akatia saini kwa herufi kubwa. Bwana Chilewa akagonga muhuri juu ya saini, kama inavyotakiwa, akachana nakala ya pili, akaiacha mezani. Alikuwa ameshafika barabarani ndipo pikipiki ilipopunguza mwendo, ikasimama kidogo, kisha ikaendelea. Kama alitambua, hakurudi.

Wiki hiyo hiyo meneja wa maua alifika kwa Bi Zawena na futi kamba mpya, vibarua wanne wenye mapanga, na nakala yake ya barua. Watu wa kata walikuwa wameshajaa kando ya masale. Meneja akawasomea kwamba shahidi wao ni kipofu kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo masale hayana mwenyewe, yang'olewe.

Bi Zawena hakubishana. Alitoa karatasi iliyokunjwa kwenye upindo wa khanga yake, akampa meneja asome na hiyo pia, kwa sauti, kwa kuwa yeye macho yake ni ya kizee. Meneja akaanza kusoma kabla hajaangalia. Mimi Mdoe Kilango nimeiona barua hii kwa macho yangu. Chini kulikuwa na muhuri wa Wizara ya Anga na Furaha, na juu ya muhuri, kidogo, picha ya Mlezi.

Meneja alisoma mara ya pili, kimya. Vibarua wake walikuwa wamekwisha kuketi juu ya mapanga yao.

Mdoe alikuwa tayari amevua makubazi. Alisimama miguu mitupu kwenye udongo wa mtoni, mikono nyuma, akatazama masale, akatazama mto, akamtazama meneja.

"Kama unadai," alimwambia, "weka mkono. Nina siku nzima."

Meneja aliviangalia viatu vyake. Vilikuwa vyeusi, vya ngozi, vya kamba. Aliviangalia kwa muda mrefu sana, na hakuvivua.